Mbwa mchanga anatafuna mali shambani? Piga hesabu kabla ya kumfukuza

WAKULIMA na wafugaji wengi huchukua mtoto wa mbwa wakiwa na matumaini kwamba baada ya mwaka mmoja watakuwa wamepata mlinzi wa zizi, banda la kuku au ghala. Hata hivyo, kabla ya mwaka huo kutimia, mlinzi huyo mtarajiwa hugeuka kuwa mharibifu. Leo ametafuna kandambili, kesho amepasua kiroba cha pumba, keshokutwa mpira wa kumwagilia bustani una matundu kila baada ya hatua mbili.

Matokeo yake yanajulikana. Mbwa hupigwa, hufungwa mnyororo usiku na mchana, hugawiwa kwa jirani au hutupwa mbali na nyumbani na kwenda kuongeza idadi ya mbwa koko. Mara nyingi uamuzi huo hufanyika mbwa akiwa na umri wa kati ya miezi mitano na kumi, yaani pale ambapo mwenyewe amekwishagharamia chakula na chanjo, na imebaki miezi michache tu mbwa aanze kufanya kazi aliyoletewa.

Kwa lugha ya biashara, huo ni uamuzi wa kuuza ng'ombe wiki chache kabla hajazaa. Anayemfukuza mbwa huyo na kuchukua mwingine anaanza upya kwenye mstari ule ule, kwa kuwa mtoto wa mbwa mpya naye ataota meno, naye atatafuna.

Habari njema ni kwamba tabia hii ina sababu zinazoeleweka, ina umri wake na inaweza kudhibitiwa kwa gharama ambayo mkulima wa kawaida anaimudu.

Kwa nini anatafuna?

Sababu ya kwanza ni meno. Mtoto wa mbwa huanza kuota meno ya utotoni akiwa na umri wa wiki tatu hivi, na akifikisha wiki nane huwa ana meno 28. Kuanzia mwezi wa nne meno hayo huanza kung'oka na kupisha meno ya ukubwani, ambayo hukamilika kufikia mwezi wa saba na kuwa 42. Katika kipindi hicho fizi huwasha na kuuma, na kutafuna humpa nafuu. Mwenye mbwa anaweza kukuta matone ya damu kwenye kitu kilichotafunwa, au jino dogo kama punje ya mchele likiwa limeanguka sakafuni. Hiyo ni hali ya kawaida.

Wengi hudhani kwamba meno yakishakamilika, tatizo nalo limekwisha. La hasha. Baada ya hapo huja kipindi cha ujana, ambapo mbwa ana taya zenye nguvu, ana hamu ya kuchunguza kila kitu na bado hana utulivu wa mbwa mzima. Kipindi hiki huendelea hadi mwaka mmoja au mwaka na nusu, na mbwa wa maumbo makubwa ndio huchelewa zaidi kutulia. Uharibifu wa miezi hii huwa mkubwa kuliko ule wa mwanzo kwa sababu meno sasa ni ya kweli.

Sababu ya pili ni udadisi. Mbwa hana mikono. Kile ambacho mtoto mdogo hukijua kwa kukishika, mbwa hukijua kwa kukitia mdomoni.

Sababu ya tatu ni kukaa bure. Mbwa anayefungwa kutwa nzima nyuma ya duka au kwenye kona ya zizi, bila matembezi, bila mchezo na bila mtu wa kuwa naye, hujitafutia shughuli. Mbao za banda, mlango, ndoo na hata mnyororo wenyewe huwa ndiyo kazi yake ya siku.

Sababu ya nne ni njaa, lishe duni na minyoo. Mtoto wa mbwa anayekua huhitaji takriban mara mbili ya nguvu za chakula anazohitaji mbwa mzima kwa kila kilo ya uzito wake. Anayelishwa ukoko wa ugali mara moja kwa siku hawezi kulaumiwa akipasua kiroba cha chakula cha kuku au akitafuna ngozi iliyoanikwa juani. Huyo hana tabia mbaya, ana njaa.

Sababu ya tano ni hofu ya kuachwa peke yake. Mbwa wa aina hii hufanya uharibifu pale tu watu wanapoondoka, na mara nyingi hutafuna mlango au dirisha walikopitia, huku akibweka, akilia au kujisaidia ovyo.

Mchunguze kabla ya kumtibu

Kwa kuwa sababu ni nyingi, dawa nayo si moja. Jambo la kwanza kwa mwenye mbwa ni kufuatilia kwa wiki moja na kujiuliza maswali matatu: anatafuna nini, anatafuna wapi na anatafuna saa ngapi.

Kama ana miezi minne hadi saba na anatafuna kila anachokutana nacho, chanzo ni meno. Kama anachagua vitu vyenye harufu ya chakula, kama viroba, ngozi, ndoo za maziwa au mifuko ya dagaa, angalia sahani yake na uliza alipewa lini dawa ya minyoo. Kama uharibifu hutokea mchana tu akiwa amefungwa, chanzo ni kukaa bure. Kama ni mlangoni, dakika chache baada ya watu kutoka, hiyo ni hofu ya upweke.

Wiki hiyo moja ya kuchunguza haigharimu kitu, lakini huokoa fedha ambazo zingetumika kutibu tatizo lisilokuwepo.

Ondoa vishawishi na hatari

Hatua ya kwanza ya vitendo haimhusu mbwa. Inahusu mpangilio wa boma. Kila kitu kilichopo usawa wa mdomo wa mbwa kinapaswa kuhesabiwa kuwa tayari kimetafunwa. Mipira ya maji ikunjwe na kutundikwa ukutani baada ya kazi. Bomba la kupulizia dawa liwekwe stoo na mlango ufungwe. Viroba na magunia yapangwe juu ya chaga, na waya wa sola au umeme upitishwe juu au ndani ya bomba gumu la plastiki. Mabuti na kandambili zisiachwe barazani.

Mpira wa umwagiliaji wa matone hauwezi kukunjwa kila jioni. Hapo njia ni kuzuia mbwa mchanga asiingie bustanini bila mtu, kwa uzio wa fito, matete au wavu hadi atakapotulia. Mbwa huvutwa na matone na mlio mdogo wa maji kwenye mpira, na akishagundua kwamba akiuma maji yanaruka, kwake huo ni mchezo mtamu kuliko yote.

Zaidi ya hasara, kuna vitu vinavyoua. Dawa ya panya, dawa ya kuogeshea mifugo, viuatilifu vya bustani na mbegu za mahindi zilizotiwa dawa ni sumu kwa mbwa kama zilivyo kwa mtoto. Makopo matupu ya dawa hizo nayo ni hatari, kwani mbwa mchanga hupenda kutafuna chombo cha plastiki chenye harufu ngeni. Betri zilizokwisha, nyaya zenye umeme na kamba za plastiki za kufungia magunia ziwekwe mbali.

Hatari nyingine iliyosahaulika ni gunzi la mahindi. Wengi humrushia mbwa gunzi baada ya kula mahindi ya kuchoma wakiamini wanampa kitu cha kuchezea. Mbwa akimeza kipande cha gunzi, hakimeng'enywi. Kinaweza kuziba utumbo, na bila upasuaji mbwa hufa. Kokwa la parachichi nalo lina hatari ya namna hiyo hiyo. Msimu wa kupukuchua mahindi ndio msimu wa kuwa makini zaidi.

Mpe kitu chake cha kutafuna

Haiwezekani kumzuia mbwa mchanga asitafune kabisa. Linalowezekana ni kumchagulia cha kutafuna. Mwenye mbwa anapaswa kuwa na vitu vitatu au vinne, na kuvibadilisha kila baada ya siku mbili ili visimchoshe.

Kamba ya katani iliyosokotwa nene na kupigwa mafundo mawili ni nzuri na inapatikana kwa urahisi. Iondolewe mara nyuzi zinapoanza kuchomoka, kwa sababu nyuzi ndefu zikimezwa huweza kujisokota tumboni. Karoti nzima iliyolowekwa kwenye maji ya baridi ya mtungini hutuliza fizi za mbwa anayeota meno. Kwato za ng'ombe kutoka buchani, zilizosafishwa na kukaushwa, huchukua muda mrefu kuisha, ingawa mbwa anayezivunja vipande vikali asiachiwe peke yake. Kanuni rahisi ni kwamba kitu kiwe kikubwa kiasi cha kutomezwa, na kisiwe kigumu kama jiwe kiasi cha kuvunja meno.

Kuhusu mifupa, wenye mbwa wengi hukosea. Mfupa uliopikwa, hasa wa kuku, hupasuka vipande vyenye ncha kama sindano na unaweza kutoboa koo au utumbo. Usimpe.

Vile vile, mapafu, maini na viungo vingine vya ndani vya mbuzi, kondoo au ng'ombe visitupwe kwa mbwa vikiwa vibichi. Viungo hivyo huweza kuwa na malengelenge ya maji yenye vijidudu vya minyoo tegu. Mbwa akivila hupata minyoo hiyo, mayai yake hutoka na kinyesi, na binadamu akiyameza huota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, unaoweza kuhitaji upasuaji. Ugonjwa huu umewatesa kwa miaka mingi watu wa jamii za wafugaji, wakiwamo Waturkana wa kaskazini magharibi mwa Kenya. Viungo hivyo vichemshwe vizuri, na vile vyenye malengelenge vifukiwe shimo refu au kuchomwa moto.

Kosa jingine ni kumpa mbwa kiatu kikuukuu achezee. Mbwa hajui tofauti ya kiatu kikuukuu na kipya. Anachojifunza ni kwamba kitu chenye harufu ya miguu ya bwana wake ni halali yake. Hali ni hiyo hiyo kwa gunia bovu na kipande cha mpira wa maji kilichokatika.

Mfundishe kwa kubadilishana

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mafunzo yanaweza kuanza mbwa akiwa na wiki nane, kwa vipindi vifupi vya dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku.

Mbwa akishika kisichoruhusiwa, usimkimbize. Kumkimbiza ni kumwambia kwamba mchezo umeanza, na kesho ataiba tena ili akimbizwe. Mwite kwa sauti ya kawaida, msogezee kamba au kwato yake, na sekunde ile ile anapoachia kile cha mdomoni sema neno moja, kwa mfano "achia", kisha mpe dagaa mmoja. Baada ya marudio mengi ataelewa kwamba kuachia kuna faida.

Neno linalotumika liwe moja kwa watu wote wa nyumbani. Baba akisema "achia", mama akisema "toa" na watoto wakipiga kelele tu, mbwa hatashika chochote. Mtumishi wa shambani naye aelekezwe, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye anayeshinda na mbwa.

Jambo ambalo husahaulika zaidi ni kumsifu mbwa anapofanya vizuri. Anapolala kimya akitafuna kwato yake, watu hupita bila kusema kitu. Anapochukua ndala, boma zima hunyanyuka. Kwa mbwa mchanga anayetafuta kuangaliwa, somo hapo ni wazi: ndala inalipa kuliko kwato.

Baadhi ya watu hupaka vitu dawa chungu ili mbwa asiviguse. Siki iliyochanganywa na maji hufukuza baadhi ya mbwa kwa muda, lakini hunyauka haraka na inabidi kupakwa tena. Shubiri haifai kwani humharisha na kumtapisha mbwa, na oili chafu ya magari ni sumu. Hata ile inayofanya kazi ni msaada tu, haichukui nafasi ya mafunzo.

Kipigo hakimfundishi

Desturi ya kumburuza mbwa hadi kwenye kiroba kilichopasuka na kumchapa ni ya kawaida vijijini na mijini, lakini haina faida. Mbwa huunganisha adhabu na jambo linalotokea sekunde ile ile. Ukimchapa saa mbili baada ya kupasua kiroba, yeye anachapwa kwa sababu umefika nyumbani. Ule uso wa kuinamisha kichwa na kukunja mkia ambao watu huuita "anajua kosa lake" ni woga wa mtu aliyekasirika, si majuto.

Mbwa anayepigwa mara kwa mara hujifunza mambo mawili: kutafuna kwa kificho, na kuogopa mkono wa binadamu. La pili ni baya zaidi kwa mwenye biashara, kwani mbwa mwoga ndiye huuma wateja na watoto bila sababu. Isitoshe, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inakataza kumtesa mnyama.

Ukimfuma katikati ya tendo, inatosha kupiga makofi mara moja kumkatiza, kisha kumwelekeza kwenye kitu chake.

Ratiba ya siku

Mbwa aliyeshiba, aliyetembea na aliyechoka hatafuni mpira wa maji, bali hulala. Mtoto wa mbwa mwenye umri wa miezi miwili hadi minne hulishwa mara tatu au nne kwa siku, kisha mara tatu hadi miezi sita, na baada ya hapo mara mbili. Uji au ugali pekee hautoshi. Uchanganywe na dagaa, mabaki ya nyama iliyopikwa, maharage yaliyoiva vizuri au maziwa mgando. Vitunguu visiwekwe kwenye chakula chake kwa kuwa vinamdhuru damu. Maji safi yawepo muda wote.

Dawa ya minyoo hutolewa mara kwa mara katika miezi ya mwanzo, kisha kila baada ya miezi mitatu kwa ushauri wa ofisa mifugo.

Matembezi ya asubuhi na jioni, akiwa kwenye kamba kuzunguka mipaka ya shamba, yana faida mbili. Yanamchosha, na pia yanamfundisha eneo atakalolilinda. Mfanyabiashara mwenye mbwa wa ghala afanye vivyo hivyo kabla ya kufungua na baada ya kufunga. Kumfungia mbwa mchanga ndani ya ghala lenye viroba vya unga, eti ajifunze ulinzi, ni kumpeleka fisi buchani. Hadi atulie, alale kwenye banda lake nje ya ghala.

Banda hilo lisiwe jela. Liwe na kivuli, nafasi ya kujigeuza na kutembea, maji na kitu cha kutafuna. Aingizwe kwa chakula, si kwa kuburuzwa, na asikae humo kutwa nzima.

Kwa mbwa mwenye hofu ya upweke, kumzoesha hufanyika taratibu. Mwache peke yake dakika mbili, kisha tano, kisha kumi, huku akiwa na kitu cha kutafuna, na usifanye sherehe ya kuaga wala ya kurudi.

Kuku na mbuzi

Kwa wafugaji, hasara kubwa zaidi si kandambili. Mbwa mchanga akikimbiza kifaranga na kumtia mdomoni, kwake ni mchezo, lakini kifaranga hafufuki. Mbwa wa umri huu asiachwe na kuku bila mtu. Azoeshwe akiwa kwenye kamba, apewe dagaa kila anapowatazama kuku kwa utulivu, na mayai yaokotwe mapema kabla hajajua utamu wake.

Wanaofuga mbwa wa kulinda mbuzi na kondoo hukutana na jambo kama hilo. Nchini Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapatia wafugaji mbwa wa kulinda mifugo dhidi ya duma na wanyama wengine tangu mwaka 1994. Mbwa wa namna hii hukuzwa pamoja na mifugo tangu wakiwa wadogo ili waione kuwa ndugu zao. Hata hivyo, wakifikia ujana huweza kutafuna masikio na mikia ya wana mbuzi kwa mchezo. Dawa yake si kumwondoa mbwa zizini moja kwa moja. Atenganishwe na watoto wa mifugo pasipokuwa na mwangalizi, na awekwe na beberu au majike wazima ambao hawakubali mchezo. Hao humfundisha adabu haraka kuliko mchungaji.

Hesabu inasemaje?

Ili kuona kama juhudi hizi zinalipa, tuchukue mfano. Bei zilizotumika ni za kukadiria tu, kila mmoja aweke za eneo lake.

Tuseme kwa mwezi mbwa anaharibu kandambili jozi moja ya Sh3,000, anamwaga kilo nane za pumba zenye thamani ya Sh6,400, anatoboa mita tano za mpira wa maji za Sh7,500, na kibarua analipwa Sh5,000 kurekebisha. Jumla ni Sh21,900 kwa mwezi, sawa na Sh131,400 kwa miezi sita.

Upande wa pili, banda la mbao na wavu ligharimu Sh60,000, kwato mbili kwa mwezi kwa Sh1,000 kila moja ziwe Sh12,000 kwa miezi sita, kamba ya katani Sh3,000, na dagaa wa mafunzo na lishe Sh5,000 kwa mwezi, yaani Sh30,000. Jumla ni Sh105,000.

Mkulima mwangalifu atauliza: je, uharibifu utakoma kabisa? Hautakoma. Tuchukulie robo ya hasara inabaki, yaani Sh32,850. Gharama zote zinakuwa Sh137,850, ambazo zinazidi kidogo hasara ya kukaa bila kufanya lolote. Kwa mtazamo wa miezi sita tu, mbwa hajalipa.

Lakini banda halidumu miezi sita. Likidumu miaka mitano, sehemu yake kwa miezi sita ni Sh6,000 tu. Hesabu sahihi basi ni Sh51,000 za matunzo pamoja na Sh32,850 za hasara iliyobaki, jumla Sh83,850. Mkulima anaokoa Sh47,550. Hapo hatujahesabu vifaranga waliopona, bili ya daktari iliyoepukwa, wala mwizi aliyegeuka njiani kwa kusikia mbwa akibweka.

Kuhusu kumfukuza mbwa, kanuni ya uchumi ni hii: fedha iliyokwisha kutumika haipaswi kuamua chochote, kwa kuwa hairudi. Kinachopimwa ni gharama iliyobaki dhidi ya faida inayokuja. Kwa mbwa wa miezi minane, gharama iliyobaki ni miezi michache ya uvumilivu, na faida inayokuja ni miaka mingi ya ulinzi. Kwa mtoto wa mbwa mpya, gharama yote bado iko mbele.

Dalili zisizosubiri

Si kila kutafuna ni tabia. Mbwa ambaye ghafla anaanza kuuma mbao, mawe, udongo au mnyororo, huku hali yake ikiwa imebadilika, akiwa mkali au mnyonge kuliko kawaida, anatoa mate mengi, sauti imebadilika na anashindwa kumeza, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Wapo wanaodhani amekwamwa na mfupa na kumtia mkono mdomoni. Usithubutu. Mtenge ikiwezekana bila kumgusa, ondoa watoto na mifugo, na mwite ofisa mifugo mara moja.

Aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Dalili za ugonjwa huu zikishaanza kwa binadamu, karibu wote hufa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Kwa sababu hiyo chanjo ya mbwa, inayotolewa kwa kawaida akifikisha miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, si ya kuahirisha.

Mbwa anayetapika, asiyekula, asiyepata choo na mwenye tumbo gumu baada ya kuonekana akitafuna gunzi, kamba au kitambaa apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa. Asipewe mafuta wala dawa za kienyeji za kuharisha.

Panga msimu wa kumchukua

Kwa anayefikiria kuchukua mtoto wa mbwa, kalenda ya kilimo inaweza kumsaidia. Katika Nyanda za Juu Kusini, mahindi hupandwa mwishoni mwa mwaka na kuvunwa kuanzia Juni. Mbwa wa miezi miwili akichukuliwa Februari, miezi yake ya kubadili meno itaangukia Aprili hadi Julai, wakati magunia, maturubai na magunzi yametapakaa uani. Akichukuliwa Agosti, meno yatabadilika Oktoba hadi Januari, wakati uwanja ni mtupu na watu wapo shambani karibu naye. Mavuno yakifika Juni, atakuwa na mwaka mmoja, amefundishwa, na mazao yanayoingia uani atakuwa ameanza kuyalinda badala ya kuyatafuna.